Mwezi Ulioanguka Juu ya Bati

“Mwezi hauanguki, Mama.”

“Umeanguka! Nimeuona kwa macho haya, nimeusikia kwa masikio haya. Umefanya kwang’a! juu ya bati la watu, ukabingirika, ukanyamaza. Au unataka kuniambia masikio nayo huota ndoto?”

“Labda ni paka.”

“Paka wa chuma?”

Mkamwana alichomoa waya wa pasi ukutani, akaisogeza hadi mwisho wa meza, maana Bi Pasi alikuwa anapapasa huku na huku akiwa amefumba macho, na kidole chake kilikuwa kimebakiza shubiri moja kukutana na chuma cha moto. Macho hayo alikuwa ameyafumba kwa makusudi. Alishuka nayo hivyo hivyo kutoka juu ya paa, ngazi kumi na tisa, mkono mmoja umeshikwa na mke wa mwanawe, mwingine umekumbatia kikombe cha shaba chenye mabaki ya maziwa. Hakuwa tayari kuyafumbua kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa nyuma ya pazia, chumba cha ndani, amelala akiutazama ukuta.

“Haya, umeanguka,” alisema Mkamwana. “Lakini uliuona kabla haujaanguka. Umehesabika. Ingia umtazame, ufumbue macho, ule. Tangu alfajiri hujatia hata punje mdomoni.”

“Niingie na mwezi ulioanguka machoni? Nimtazame mwanangu kwa jicho hilo? Wewe mtoto, unataka nimmalizie?”

“Sema polepole, Mama. Anasikia.”

“Angekuwa anasikia tungekuwa tunagombana hapa?”

Jina lake la kuzaliwa mtaani hakuna aliyelijua. Walimwita Bi Pasi, na hata bili ya maji iliandikwa hivyo. Aliolewa akiwa na miaka kumi na saba kwenye nyumba ya dobi, na zawadi ya kwanza aliyopewa na mumewe ilikuwa pasi ya mkaa, nzito kiasi kwamba ukiiweka chini nyumba nzima inainama upande huo. Mume alikufa, pasi ya mkaa ikapasuka, ikaja ya umeme, yeye akabaki. Miaka arobaini na mitatu alinyoosha mashati ya mahakimu, ya mabwana harusi na ya marehemu, na kwa wote sheria ilikuwa moja: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, kiwiliwili mwisho, kwa sababu mtu husalimiwa kuanzia juu kushuka chini. Kitambaa kinachotaka kuungua alikinusa kutoka mtaa wa tatu. Kuna siku alitoka mbio na ndala mguu mmoja, akaingia nyumba ya watu asiowajua, akachomoa pasi yao ukutani, akarudi bila hata kusalimia. Wenyewe walisema walidhani ni mwizi, mpaka walipoona shati limepona.

Wanawe wawili aliwalea chini ya meza ile ile. Wa kwanza alipoanza kutambaa alitambaa kuelekea kwenye suti, na mpaka leo ndiko aliko: yuko mji mwingine, ana ofisi yenye zulia, nao wanamwita Kaka Suti. Wa pili, Mdogo, alikuwa akilazwa ndani ya kapu la mashati yaliyotoka kupigwa pasi, na akakua na tabia ya shati la joto: laini, kimya, hamkwaruzi mtu. Akawa mpigachapa. Hapo hapo kiwandani akampata msichana wa kukunja kurasa na kushona vitabu, vidole vyepesi kama panya jikoni, akamleta nyumbani. Huyo ndiye Mkamwana. Mwaka wa kwanza Bi Pasi alimkagua kama anavyokaguliwa shati la mteja mkorofi, mshono kwa mshono. Mwaka wa pili akamkabidhi kopo la wanga wa kukazia kola. Kwa Bi Pasi hiyo ilikuwa sawa na kumkabidhi funguo za nyumba.

Kisha ikaja ile jioni ya mwaka jana, jioni isiyo na kosa lolote. Mdogo alirudi kazini, akavua viatu, akavisukuma kwa kidole cha mguu chini ya kitanda, akalala ubavu, uso ukutani. Homa hakuwa nayo. Kazi hakuwa amefukuzwa. Hakuna aliyemtukana njiani. Asubuhi hakuamka, na kesho yake vile vile. Daktari alimpa vidonge vya rangi mbili, akasema ni moyo umechoka, si huu unaodunda, ule mwingine. Mdogo akameza vidonge. Akilishwa alikula, msalani alikwenda kwa kushika ukuta, lakini neno halikumtoka, hata la kukataa chumvi.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha Kaka Suti alikuja, akasimama katikati ya mashati ya watu bila kugusa kitu. “Mama, kuna nyumba nzuri nje ya mji. Ina geti, ina wauguzi, ina bustani. Hapa anaoza.”

“Waliopo humo huwa wanatoka?”

Kaka Suti alitazama saa yake.

“Nipe mwaka,” Bi Pasi akasema. “Nimwombee kwa Bwana Mwezi. Miandamo kumi na miwili, sitaruka hata mmoja.”

“Nakupa mwaka, Mama. Ukiisha hajanyanyuka, nakuja na gari.”

Na mwaka wenyewe ndio huu ulikuwa unaisha. Mwandamo wa kumi na mbili ulikuwa wa jioni hii. Gari lilikuwa la kesho asubuhi.

Kwa nini Mwezi, wakati waganga wamejaa? Kwa sababu Bi Pasi alikuwa Mhindu, mtoto wa Wahindu, na kwao Mwezi ndiye bwana wa akili na moyo wa mtu. Kisa chake alikuwa anakisimulia mezani huku anapiga pasi, na kila akikisimulia kinaongezeka chumvi. Bwana Mwezi, eti, alioa mabinti ishirini na saba wa baba mmoja, wote nyota. Ishirini na saba! Mwenye mke mmoja anajua shughuli yake. Na badala ya kugawa zamu, akajibanza kwa mmoja tu, kipenzi chake, siku zote. Wale ishirini na sita wakaenda kwa baba yao kushitaki, wamepanga foleni kama watu wa mafuta ya taa. Baba mkwe akamlaani: konda! Akakonda, akawa kama ukucha uliokatwa, akatoweka. Dunia ikalia gizani mpaka laana ikalegezwa nusu: atakonda, lakini atanenepa tena, kila mwezi.

“Kwa hiyo,” Bi Pasi alikuwa akimalizia, akigeuza shati, “huyu ni mungu aliyewahi kulala akiutazama ukuta. Mgonjwa hamcheki mgonjwa mwenzake.”

Basi siku inayofuata usiku ule wa giza, Bi Pasi hufunga tangu alfajiri. Jua likizama hupanda paani, kwenye kamba za nguo, akatafuta magharibi ule uzi mweupe wa mwezi mwandamo. Nao haungoji mtu. Nusu saa tu, umezama. Akiuona humimina maji yaliyotiwa maziwa, hurusha punje za mchele na ua jeupe, huwasha utambi wa samli, huomba. Kisha, na hili alilirithi kwa mama yake, hufumba macho. Hayafumbui mpaka yatue juu ya uso wa yule aliyemwombea, kwa maana kitu cha kwanza kuonwa baada ya mwezi ndicho kinachopata fungu la mwezi. Tangu usichana wake alikosa jioni mbili tu, zote za uchungu wa uzazi, na hizo aliwalaumu watoto kwa kutojua kalenda.

Mwaka mzima Mkamwana alimshika mkono ngazi kumi na tisa, akampitisha kando ya meza, akamwinamisha chini ya mashati yanayoning’inia, akamwingiza nyuma ya pazia. “Tumefika, Mama.” Bi Pasi akafumbua macho. Na kila mara alichokiona kilikuwa kisogo. Kisogo cha mwanawe, nywele zimelala upande mmoja, na shingo iliyokuwa inazidi kuwa nyembamba. Alizunguka kitanda kutafuta uso, akakuta kitanda kimegusana na ukuta. Kukivuta hawakuthubutu, kwa sababu mara ya kwanza walipojaribu Mdogo alitoa mlio ambao hawakutaka kuusikia tena. Basi alikitazama kile kisogo kama mtu asiyejua kusoma anavyoitazama barua, akasema, “Haya. Mwezi ujao.”

Mpaka hapo hakuna siri. Siri ilikuwa ya Mkamwana peke yake, na ilikuwa inamwasha kama wanga uliokaukia shingoni.

Miandamo minne ya mwanzo ilikuwa ya kweli. Wa tano mawingu yalitanda kama mablanketi ya hospitali. Jioni ya kwanza hawakuona kitu, na Bi Pasi akakataa kula. Jioni ya pili mawingu yale yale. Siku ya tatu, katikati ya kunyoosha, alianguka juu ya meza shavu likiwa kwenye shati la mwalimu mmoja, na alipoinuliwa shati lilikuwa limenyooka upande huo kuliko pasi ingeweza. Mkamwana akampandisha paani akimbeba nusu. Juu bado mawingu. Lakini ng’ambo ya uchochoro, upande huo huo wa magharibi, kulikuwa na paa la Bwana Chaneli. Jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa mtu wa kubadilisha chaneli hata mpira ukiwa unaelekea golini. Juu ya paa lake palikuwa na dishi la televisheni, na chini ya dishi taa ya ngazi. Jioni ile alipoiwasha, mwanga ukashika ukingo wa chini tu wa dishi, ukachora mstari mweupe uliopinda, umelala chali kama bakuli.

Mkamwana aliutazama ule mstari. Akamtazama mkwewe, midomo imepasuka, magoti yanacheza.

“Ule pale, Mama.”

“Wapi?”

“Fuata kidole changu.”

Bi Pasi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alikuwa anamficha kila mtu. Hata mashati aliyoanza kuyaunguza kola hakuyataja kwa mtu, naye Mkamwana alikuwa anayageuza kola kimyakimya na kuyashona upya. Alikaza macho. Akatabasamu.

“Umechelewa, bwana wewe,” akauambia. “Karibu.”

Akamimina maziwa.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwandamo wa sita ulipofika, jengo jipya lililokuwa likijengwa magharibi lilikuwa limepanda ghorofa tisa, limekaa pale pale mwezi unapotokea, kama mtu mnene aliyekaa mbele yako sinema. Ungeweza kwenda kuutafuta mwezi wa kweli uwanja wa mpira, sawa, lakini kwa magoti yapi? Na Mdogo aachiwe nani? Ikawa kila siku Mkamwana anatundika shuka la vitanda viwili upande ule wa kamba, dishi linakaa nyuma yake limejificha, na jioni ya mwandamo analiondoa shuka kama mtu anayefungua pazia la harusi. Mwandamo wa nane kunguru alitua juu ya mwezi, akajikuna. “Tazama,” Bi Pasi akasema, “hata kunguru ana shida zake.” Mara moja tu aliuliza kitu.

“Mbona siku hizi hauzami?”

“Labda umetuzoea, Mama.”

Leo saa sita mchana Mkamwana alipanda na beseni la mashuka, akachungulia ng’ambo, akaliachia beseni. Pale penye dishi palikuwa na bomba fupi na nati nne. Chini, Bwana Chaneli alikuwa anahama. Vitanda vimeshapanda lori, dishi limefungwa juu ya magodoro. Mkamwana alikimbia kumwomba.

“Niazime dishi jioni moja tu. Kesho nitakuletea mwenyewe.”

“Una televisheni, dada?”

“Sina.”

“Sasa dishi la nini?”

Angesema nini? Lori likaondoka. Jioni, kabla hajampandisha Bi Pasi, alipanda ngazi za nyumba ile tupu akiwa na mfuniko wa sufuria kubwa, mpini wa ufagio na kamba ya nguo, akaufunga ule mfuniko kwenye bomba, akawasha taa mwenyewe. Na kusema haki, kwa dakika nne ulikuwa mwezi mzuri kuliko yote kumi na mmoja. Bi Pasi alishamimina maziwa, alisharusha mchele, alikuwa katikati ya kulitaja jina la Mdogo. Upepo ukaja.

Ndiyo maana sasa walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa meza, mmoja macho yamefumbwa, mwingine yamemtoka.

“Nirudishe juu,” alisema Bi Pasi. “Utakuwa umesharudi. Una kwao, hauwezi kulala kwenye bati la watu.”

“Hakuna kitu juu, Mama.”

“Wewe unajuaje? Kwani wewe ndiye uliyeutundika?”

Mkamwana alikamata ukingo wa meza.

Bi Pasi akachukulia kwamba kweli juu hakuna kitu, akapandwa na hasira. “Basi Bwana Mwezi ni mwongo! Mwaka mzima, mwaka mzima namnywesha maziwa ambayo sisi wenyewe tunatia kwenye chai kwa kijiko. Magoti yangu yamekwisha kwenye ngazi zake. Kesho wananichukulia mwanangu, na yeye jioni hii ndiyo anajiangusha kama mlevi! Baba mkwe wake alimjua. Alimlaani kidogo. Ningekuwa mimi…”

“Mama, usimtukane.”

“Nitamtukana! Nimemwomba, hakunipa!”

“Hukumwomba.”

“Nini?”

“Hukumwomba yeye,” Mkamwana alisema. “Minne ya kwanza ndiyo. Tangu wa tano, siku ile ulipoanguka mezani, ulikuwa unaomba dishi la Bwana Chaneli.”

Unaweza kudhani Bi Pasi alipiga kelele. Hakupiga. Alishusha kikombe cha shaba taratibu, akakitafutia meza kwa kitako chake mpaka kikakaa. Macho bado amefumba.

“Mingapi?”

“Saba ya dishi. Na wa leo.”

“Wa leo ulikuwa nini?”

“Mfuniko wa sufuria.”

“Sufuria ipi?”

“Ile kubwa. Ya kupikia wanga.”

“Mfuniko wenye tundu?”

“Ndiyo.”

“Nikasema mbona una tundu,” alisema Bi Pasi. “Nikasema labda ndiyo ile nyota, mke wake kipenzi, leo amekuja naye.” Akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha kitambaa kinachochanwa, na hakikwisha kama vicheko vinavyokwisha. Kilikatika tu katikati. “Kwa hiyo miezi saba nimemwombea Bwana Chaneli apate picha safi.”

“Nisamehe, Mama.”

“Na wewe ukisimama nyuma yangu, unanicheka.”

“Sikucheka.”

“Ulikuwa unafanya nini?”

Mkamwana alichukua vibanio viwili vya nguo vilivyokuwa mezani, akavibana kimoja juu ya kingine, akavibandua. “Ukishafumba macho, nilikuwa napiga magoti.”

“Kwa dishi.”

“Kwa dishi.”

“Na unajua ni dishi.”

“Najua. Nilikuwa naliambia: wewe bati, watu wanasema unapokea vitu kutoka juu. Basi na hili lipokee. Mrudishe mume wangu.” Akafuta pua kwa mkono. “Sikuwa na mwingine wa kumwambia.”

Upande wa pili wa ubao uliogawa vyumba, kitanda kililia mara moja. Bi Pasi akashusha sauti.

“Lilikujibu?”

“Lingenijibu, si ungekuwa umeona uso?”

“Hm.”

“Mama, labda ni mimi niliyeharibu. Labda ungeona miezi ya kweli yote kumi na miwili…”

“Nyamaza.”

“Labda kwa ajili yangu ndiyo…”

“Nimesema nyamaza. Minne niliiona, au nayo ulinifungia sufuria?”

“Ilikuwa ya kweli.”

“Basi. Niliiona mwenyewe, nikashuka, nikafumbua macho, nikaona kisogo. Ya dishi nikaona kisogo. Tofauti haikuwapo.” Bi Pasi alitafuta kiti kwa mguu, akakaa. “Dishi ulilonidanganyia wewe nimeshakusamehe. Lakini ile minne, nani atanieleza?”

Nje walisikia mafundi wa jengo jipya wakiitana kutoka ghorofa hadi ghorofa, wanafunga kazi.

“Tumwambie Kaka atupe mwaka mwingine,” alisema Mkamwana. “Tutaanza upya. Nitakubeba mpaka uwanjani.”

“Mwaka wa macho yapi? Unadhani sijui unageuza kola? Nasikia sindano yako usiku. Nilikaa kimya nisikuvunje moyo.” Alitikisa kichwa. “Mimi nikiwaficha macho, wewe ukinificha mwezi. Nyumba nzima tunafichana, na mgonjwa ndiye peke yake hakudanganya mtu.”

“Fumbua basi, Mama. Ule kidogo. Kuna wali, kuna maziwa.”

“Nifumbue nione nini? Meza?”

Mkamwana alisogea, akataka kumshika bega, akaona aibu, akaushika mkono wa kiti. Wote wawili walijua kuwa gari la kesho halina haja ya mwezi. Litakuja kwa petroli.

“Shati lake umelipiga pasi?” Bi Pasi akauliza.

“Lipi?”

“La kwenda nalo. Lile la samawati. Asiende kwa wenye bustani na shati lililokunjamana, wakadhani hana watu.”

“Nililipiga juzi. Limo ndani, kwenye msumari.”

“Kola kwanza?”

“Kola kwanza.”

“Na mikono usiweke mstari mkali. Hapendi mstari mkali, tangu mdogo, anasema unamkata. Na umwekee ile fulana ya…”

Bi Pasi hakumaliza. Alikuwa amesikia kitu kabla ya Mkamwana, kama alivyokuwa akisikia vitu siku hizi. Ilikuwa sauti ya soli juu ya sakafu, nzito, isiyo na mazoea, hatua moja, kisha ya pili baada ya kitambo. Viatu. Katika nyumba ile mwanamume mmoja tu ndiye aliyekuwa na viatu, na hivyo vilikuwa chini ya kitanda mwaka mzima.

Pete za pazia zikakwaruza kwenye waya.

Mdogo alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati la samawati, amelifunga mwenyewe mpaka kifungo cha juu, na shingo ilikuwa inaelea ndani ya kola kama kijiti ndani ya kikombe. Viatu vilikuwa na vumbi la mwaka, na vidole vyake vimeacha alama kwenye vumbi hilo pale alipofunga kamba. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi wa nguo za wateja, umekunjwa mdomo vizuri, umejaa nguo zake mwenyewe. Alikwepa mashati yaliyoning’inia bila kuyagusa, akavuta kigoda, akaketi akiuelekea mlango wa nje, mfuko juu ya magoti.

“Nani huyo?” Bi Pasi alinong’ona. “Mwanangu, nani huyo?”

Mkamwana aliuachia mkono wa kiti.

“Mama,” alisema Mdogo. Sauti ilikuwa imeota kutu, lakini ilikuwa yake. “Kaka amesema atafika saa ngapi?”

Bi Pasi akafumbua macho.